Wafugaji wana swali moja, kijana wa kompyuta ana plagini tisa

Swali: Mimi ni mratibu wa umoja wa wafugaji wa kuku mkoani Morogoro. Tuna tovuti ya WordPress ambayo mpaka sasa inatoa matangazo na bei za vifaranga tu. Mazungumzo yetu yote yako WhatsApp, makundi mawili yaliyojaa, na daktari wetu wa mifugo amechoka kujibu swali lilelile la chanjo ya mdondo kila wiki. Wanachama wanataka tovuti iwe “kama Facebook yetu ndogo”. Kijana anayetusaidia mambo ya kompyuta ametuandikia orodha ya plagini tisa (programu ndogo za kuiongezea WordPress kazi mpya): BuddyPress, bbPress, ya meseji za faragha, ya kuingia kwa akaunti ya Facebook, ya pointi na beji, ya kupakia video, na nyingine. Seva yetu ni ile ya kuchangia na tovuti nyingine, tunalipia laki moja na nusu kwa mwaka. Tuweke zote? Kama si zote, tuanze na ipi?

Ndugu Mratibu,

Weka moja tu: bbPress. Na hiyo moja nayo usiiweke wiki hii.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikimtafuta mwanachama anayelalamika kwamba hana rafiki wa kumwongeza, au kwamba hana ukuta wa kuandikia yaliyo moyoni. Sikumwona. Niliyemwona ni daktari aliyechoka. Jumatatu anaulizwa kifaranga achanjwe akiwa na siku ngapi, anajibu vizuri, na ikifika Alhamisi jibu limeshafunikwa na salamu za asubuhi, picha za majogoo na tangazo la mtu anayeuza banda. Mwenye swali hilohilo akija Ijumaa hana pa kulitafuta, basi anauliza tena. Mwaka 2022 WhatsApp waliongeza ukubwa wa kundi kutoka watu 256 hadi 512, kisha 1024. Wasemaji waliongezeka, kumbukumbu ilibaki ileile. Kinachokosekana kwenu ni mahali ambapo jibu likiwekwa linakaa.

Hizo plagini mbili kubwa watu huzitaja pamoja kama chumvi na pilipili, wakadhani kazi yake ni moja. BuddyPress inajibu swali la “nani ni nani”. Aliianza Andy Peatling mwaka 2008, toleo la 1.0 likatoka Aprili 2009, na ndani yake mna wasifu wa mwanachama, marafiki, vikundi, meseji, arifa, na ule mtiririko wa “fulani amefanya hivi, fulani amesema vile”. Uzuri wake ni kwamba vipande hivyo unaviwasha na kuvizima kimoja kimoja; kile cha wanachama tu ndicho hakizimiki. bbPress inajibu swali lingine: “walisemaje kuhusu jambo hili?” Ina majukwaa, ndani ya jukwaa kuna mada, chini ya mada kuna majibu, basi. Hii ilianza 2004 ikiwa programu inayojitegemea, ikageuzwa kuwa plagini ya WordPress kwenye toleo la 2.0, Septemba 2011. Majukwaa ya kuombea msaada ya WordPress.org yenyewe yanaendeshwa kwa bbPress, na mimi humwamini zaidi mama ntilie anayekula chakula alichopika.

Kijana wako akikuambia bbPress imepitwa na wakati, hajakosea sana. Kati ya toleo la 2.5 na la 2.6 ilipita miaka 6, 2013 hadi 2019. Kwa mtu anayependa vitu vipya huo ni uzee. Kwa umoja wa wafugaji usio na fundi wa kuajiriwa, kitu kisichobadilika kila mwezi ni nafuu kubwa. Hata data yake inakaa mahali pa kawaida: majukwaa, mada na majibu vinahifadhiwa kwenye jedwali lilelile la kanzidata (ghala la taarifa za tovuti) linalohifadhi kurasa na machapisho yenu. BuddyPress inajenga majedwali yake yenyewe, mengi kidogo. Siku mkitaka kuhama mtaiona tofauti.

(Kwa wasomaji wengine ambao tovuti zao ni za Joomla, programu nyingine ya kutengenezea tovuti: hapo ningesema Kunena, jukwaa lake. Na mkumbuke majina yote mawili tumewapa sisi. Mwaka 2005 waliojitenga na mradi wa programu ya tovuti ulioitwa “Mambo” walichagua “Joomla” kutokana na neno letu “jumla”, wakaliandika kama wanavyolisikia. Kunena ni kunena kwetu huku. Wameazima kwetu maneno mawili mazuri kabisa ya kazi hii, halafu sisi wenyewe tunaandika “community forum” kwenye menyu.)

Kuna jambo ambalo orodha ya kijana haikuligusa, nalo ndilo litakalowaumiza kwanza. Tovuti yenu ya sasa ni nyepesi kwa sababu kila mgeni anaona ukurasa uleule. Seva inaupika mara moja, inaacha sufuria mezani, kila anayekuja anapakuliwa. Hiyo ndiyo kazi ya kache. Mtu akishaingia kwa nywila, ukurasa wake haufanani tena na wa jirani: jina lake liko juu, arifa ni zake. Kwa kawaida kache inamruka, na kila anapobonyeza anapikiwa upya, PHP, lugha inayoiendesha WordPress, inaamka, kanzidata inaulizwa maswali kadhaa. Wageni elfu moja wanaokuja kusoma bei za vifaranga seva yenu inawabeba bila kutoa jasho. Wanachama hamsini walioingia kwa pamoja saa mbili usiku wanaweza kuilaza. Na seva ya kuchangia ni nyumba ya kupanga yenye luku moja: ukiwasha jiko la umeme wenzako wanaona taa zinafifia, na mwenye nyumba atakuja kukukatia wewe, hataenda kwingine. Mtiririko wa matukio, arifa na meseji ndiyo majiko hayo. Jukwaa la maandishi linalosomwa zaidi kuliko linavyoandikwa ni taa tu, hasa mkiliacha wazi ili hata asiyeingia aweze kusoma.

Liacheni wazi kweli. Mfugaji wa Ifakara ambaye hajawahi kusikia habari zenu ataandika kwenye Google “kuku wanapinda shingo”, na jibu la daktari wenu litakuwa hapo. Kilichoandikwa ndani ya kundi la WhatsApp hakimfikii.

Sasa meseji za faragha, na hapa nitakuwa mkali. Zizime, au kwa upande wenu, msiziweke kabisa. Watu hudhani meseji ni kipengele kidogo cha kupendeza. Fikiria tovuti yenye wafugaji mia kadhaa, kila mmoja anajulikana ana hela ya kununua vifaranga, na kuna mlango wa nyuma ambao mtu yeyote aliyejisajili anaweza kumwandikia mwingine bila msimamizi kuona. Atakuja “mwenye kampuni” mwenye vifaranga wa Sasso kwa nusu ya bei, atume nauli tu kwanza. Ataandikia watu arobaini kwa usiku mmoja. Mtajua siku mwanachama wa kumi anapopiga simu akilia, na atawalaumu ninyi, kwa sababu alikutana naye kwenu. Tangazo la aina hiyo likiwekwa hadharani kwenye mada, wenzake watamuuliza: shamba liko wapi, nani amewahi kununua? Hadharani tapeli anabanwa. Wanaotaka kuongea faragha wana namba za simu, wapeane wenyewe.

Plagini ya pointi na beji: hapana. Utapata mia mbili wanaoandika “Asante daktari” ili wapande daraja, na jibu lenyewe litazama katikati yao. Kupakia video: hapana, YouTube ipo, mtu aweke kiungo. Bando za wanachama wako na nafasi ya seva yako zote zitakushukuru. Kuingia kwa akaunti ya Facebook: subiri. Inabidi kusajili programu kwa Facebook wenyewe, kuwa na ukurasa wa sera ya faragha, na kuitunza kila wanapobadilisha masharti. Siku ikikatika, nusu ya wanachama wamefungiwa nje.

Usajili ndio mahali pa kutumia muda wako. Miaka kadhaa nyuma, kwenye tovuti ya chama kimoja, niliweka alama kwenye kile kisanduku cha WordPress kinachoruhusu yeyote kujisajili, nikaenda kulala. Asubuhi nikampigia mwenyekiti kumpongeza: wanachama wapya zaidi ya mia mbili! Alinyamaza kidogo, akauliza kama kuna hata mmoja anayeitwa kwa jina la binadamu. Zilikuwa roboti zote. Tangu siku hiyo naanza na mlango uliofungwa: mratibu mwenyewe anawaandikisha watu thelathini wa kwanza kwa mkono, anaowafahamu kwa sura. Baadaye mkifungua, muwe na Akismet au plagini nyingine ya kuzuia takataka. Akismet inashirikiana na bbPress vizuri, ila fahamu kwamba ya bure ni kwa tovuti binafsi zisizo za biashara. Ninyi mnauza vifaranga, hivyo itawabidi kulipia. Na mruhusu bbPress iwape wapya wadhifa wa mshiriki wa kawaida, usimamizi abaki nao mtu mmoja au wawili.

Kikwazo kingine cha usajili hakimo kwenye mwongozo wowote, na wewe unakijua kuliko mimi. WordPress inataka barua pepe. Karibu kila mwanachama mwenye simu ya Android ana Gmail, kwa sababu alipoinunua simu fundi wa dukani alimfungulia. Nywila yake anaijua huyo fundi. Kwa hiyo barua ya kuthibitisha usajili itatumwa mahali ambapo mwenyewe hajawahi kufungua. Na huenda isifike hata huko: barua zinazotoka moja kwa moja kwenye seva ya kuchangia mara nyingi huangukia kwenye takataka. La pili lina dawa, kijana aunganishe tovuti na akaunti halisi ya barua pepe kwa SMTP, njia ya kutuma barua kupitia akaunti hiyo, kazi ya nusu saa. La kwanza dawa yake ni mkutano. Mkikutana mwisho wa mwezi, kaa na kijana mezani kando ya chai, mtu aje na simu yake, asajiliwe, aonyeshwe mahali pa kubonyeza, simu iihifadhi nywila, arudi kwenye kiti.

Na msiihame WhatsApp. Nimeona vyama vikitangaza “kuanzia Jumatatu mazungumzo yote yatafanyika kwenye tovuti”, na kuanzia Jumatatu mazungumzo yote yakaendelea WhatsApp. Watu wako hawatafungua tovuti kila asubuhi kuona kama kuna jipya. Wewe wapelekee. Swali likiulizwa kundini ambalo jibu lake liko jukwaani, bandika kiungo, usiandike zaidi. Likiwa jipya, daktari alijibu jukwaani kisha kiungo kipelekwe kundini. Baada ya miezi miwili mitatu utamwona mwanachama mwenyewe anambandikia mwenzake kiungo kabla yako. WhatsApp ibaki baraza, tovuti iwe kabati.

Majukwaa mangapi? Matatu. Magonjwa na chanjo, chakula na malezi, soko. Najua utashawishika kufungua la kuku wa kienyeji, la chotara, la bata, la kanga, la mikopo, la dini na maadili. Mgeni akiingia akakuta vyumba kumi na viwili na tisa ni vitupu, anadhani nyumba imehamwa. La nne lifunguliwe siku la tatu litakaposongamana. Yale majibu ambayo daktari ameyarudia mpaka koo limekauka, yabandike juu; bbPress inaweza kubandika mada juu ya jukwaa lake au juu ya majukwaa yote.

Kuna watakaokushauri Discourse. Ni programu nzuri mno ya majukwaa, ilitoka 2013, aliyeianzisha na wenzake wawili ni Jeff Atwood, na mwanachama anaweza kujibu mada kwa kujibu tu barua pepe aliyotumiwa. Ila haikai kwenye seva ya kuchangia. Inataka seva yake yenye angalau GB 1 ya kumbukumbu (RAM) na mtu anayeijua Linux. Huyo mtu ndiye ghali. Wengine watakuambia kwa nini mhangaike, fungueni kikundi kwenye mtandao wa mtu, ni bure. Ning ilikuwa hivyohivyo, ukifungua mtandao wa chama chako bila kulipa, mpaka mwaka 2010 walipoamua mitandao ya bure basi, lipa au ondoka. Majibu ya daktari wenu yana thamani ya miaka; yakae kwenye kanzidata mnayoweza kuinakili wenyewe kila Jumapili.

Sheria nayo. Mkiwaruhusu wengine waandike kwenye tovuti yenu, mmetoka kwenye kundi la wenye tangazo mkaingia kwenye kundi la wenye jukwaa. Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa baadaye. JamiiForums, iliyoanza 2006 na kuwafundisha Watanzania wengi maana ya kubishana kwa maandishi, ilizima huduma kwa muda Juni 2018 kanuni zile za kwanza zilipowabana. Ninyi ni wadogo na mnaongelea kuku, hata hivyo waulizeni TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kwa maandishi kama mnahitaji leseni, muwe na jibu kwenye faili. Pia majina, namba na barua pepe za wanachama ni taarifa binafsi, na sheria ya kuzilinda ya mwaka 2022 imeanza kazi Mei 2023, ikiwa na Tume yake. Usikusanye usichohitaji. WordPress tangu 2018 ina zana mbili kwenye menyu ya Zana, moja ya kumpa mtu nakala ya taarifa zake na nyingine ya kuzifuta akiomba. Kijana akuonyeshe zilipo. Na azime zile picha za wasifu za Gravatar, ambazo kila ukurasa ukifunguka huulizwa kwenye seva za nje kwa alama iliyotokana na barua pepe ya mwanachama. Mnaokoa faragha na bando kwa kisanduku kimoja.

BuddyPress haijafa katika mpango huu. Nakuona mwakani ukinijia na swali jingine: mwenye hoteli Dodoma anataka kuku mia tatu kila wiki na anauliza nani anaye, kata gani. Hilo ni swali la “nani ni nani”. Hapo uiweke, uwashe wanachama na wasifu tu, mengine yote yakae yamezimwa. Kwenye wasifu tengeneza sehemu tatu: kata, aina ya kuku, idadi anayoweza kutoa kwa mwezi. Namba ya simu, ukiiweka, ichagulie ionekane kwa wanachama peke yao, BuddyPress inaruhusu kupanga hivyo kwa kila sehemu ya wasifu. Utakuwa umepata saraka ya wafugaji ambayo hata halmashauri itakuja kuiomba.

Kwa kijana nina neno moja, na asichukie. Kabla ya kuweka plagini yoyote aangalie kwenye ukurasa wake WordPress.org ilisasishwa lini mara ya mwisho na imejaribiwa mpaka toleo gani. Ikiwa mwandishi wake amenyamaza miaka mitatu, anyamaze nayo. Zile za kulipia zinazogawiwa bure kwenye makundi ya Telegram asiziguse hata kwa kijiti, nyingi zimefungwa na mlango wa wizi ndani. Na ajaribu kila kitu kwenye nakala ya tovuti, asijaribie pale ambapo watu wanasoma bei.

Nilisema usiiweke wiki hii. Wiki hii kaa na daktari, mpitie makundi yote mawili ya WhatsApp kurudi nyuma miezi sita, na muyatoe maswali ishirini yaliyorudiwa kuliko yote. Aandike jibu moja zuri kwa kila moja, aya mbili zinatosha, na kama mtatumia maneno au picha ya mwanachama mwombeni ruhusa. Mkimaliza yote ishirini, mwambie kijana aweke bbPress Jumamosi na ayaingize yote siku hiyohiyo, kabla hamjamwambia mtu yeyote kwamba kuna jukwaa. Mkikwama kwenye la saba, nijulishe. Tovuti yenu ina sehemu ya maoni tayari chini ya kila chapisho, na huenda hiyo ikawatosha kwa mwaka huu.